Tamasha la wavuvi na masimulizi Kigamboni: tarehe ipangwe na nani, na wazee wasimulie wapi?

Mwana wa Mjimwema ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni katibu wa kamati ndogo iliyoundwa na wakazi wa mtaa wetu, upande wa pwani ya Kigamboni, ili kuandaa tamasha la siku moja la kuenzi kazi ya uvuvi na masimulizi yaliyozaliwa na kazi hiyo. Wazo lenyewe lilianzia msibani. Tulikuwa tumemzika fundi mmoja wa vyombo, na usiku wa pili wa matanga kijana wa kidato cha tatu akauliza tofauti ya sifa na deheni, maneno aliyokuwa akiyasikia kwa marehemu bila kuyaelewa. Katika watu zaidi ya thelathini tuliokuwa tumeketi mkekani, ni wazee watatu tu walioweza kumweleza kwamba sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa kwenye mbao ili zisioze, na deheni ni chokaa iliyochanganywa na mafuta, inayopakwa sehemu ya chombo inayokaa majini. Mimi mwenyewe, mjukuu wa mvuvi, nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Tuliondoka pale tukiwa tumekubaliana kwamba jambo fulani lazima lifanyike kabla hao watatu nao hawajatutoka.

Tumeandaa rasimu ya ratiba: Jumamosi ya kwanza ya mwezi Juni, mahema na jukwaa ufukweni, mgeni rasmi, hotuba, ngoma, mashindano ya ngalawa saa nne asubuhi, na mwishoni nusu saa ya hadithi za wazee. Nilimpelekea ratiba hiyo nahodha mmoja mzee ambaye hushinda kwenye banda la wavuvi. Aliisoma polepole mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia na kusema, "Siku hiyo na saa hiyo, mwanangu, bahari haitakuwepo." Hakuongeza neno. Wazee wengine wawili tuliowaomba wasimulie jukwaani wamekataa kwa upole, na hawakutoa sababu.

Naomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, tarehe ya tamasha la namna hii hupangwaje ili wavuvi wenyewe wawepo na bahari nayo iwepo? Pili, tufanye nini ili wazee wasimulie kwa ridhaa yao? Najua wapo humu waliowahi kuhudhuria Mwaka Kogwa kule Makunduchi, au tamasha la Bagamoyo, au lile la Lamu lenye mashindano ya majahazi. Uzoefu wao nitaupokea kwa mikono miwili.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya bahari kwa miaka mingi, kwanza kwenye ngalawa ya baba yangu, baadaye kwenye mashua za nyavu, na naelewa vizuri kwa nini mzee yule alikurudishia karatasi yako. Ruhusu nieleze kwa kirefu, kwa sababu ukikosea tarehe hata ukipatia mengine yote hayatakufaa.

Kalenda ya ukutani huhesabu siku, lakini mvuvi huhesabu mwezi na upepo. Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na hapa Dar es Salaam tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, ambayo hayajai vizuri wala hayapwi vizuri. Sasa sikiliza jambo ambalo kila mtoto wa pwani yetu alilijua zamani: siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ukiweka mashindano ya ngalawa saa nne asubuhi na siku hiyo ikaangukia bamvua, vyombo vitakuwa vimelala mchangani na wageni wako watatazama matope na majani ya bahari mpaka mbali. Hilo ndilo alilomaanisha mzee aliposema bahari haitakuwepo.

Tazama basi unavyoweza kuigeuza hali hiyo iwe ratiba. Chagua siku za bamvua la mwezi mpevu. Asubuhi, maji yanapokwenda, wapeleke watoto na wageni miambani wakaone jinsi pweza anavyotafutwa shimoni mwake na jinsi dema, yaani mtego wa kusukwa, linavyotegwa na kuteguliwa. Hakuna hotuba itakayowafundisha hayo. Adhuhuri watu wakale, wakasali, wakapumzike kivulini, na mafundi waonyeshe kazi ya kuchonga mbao kwa tezo na kuziba nafasi zake kwa kalafati. Alasiri maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikungu, ndipo ngalawa zishindane karibu kabisa na ufukwe, watu wazione na kuwaita manahodha kwa majina. Jioni mwezi unachomoza. Siku ya mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, na siku mbili baadaye huchelewa kidogo, hivyo ukikosa Jumamosi inayoangukia siku yenyewe chukua ile iliyo siku moja au mbili baada yake. Bamvua bado litakuwa na nguvu, na hadithi zitaanza mwezi ukiwa unapanda juu ya maji.

Kuna sababu nyingine kubwa ya kuchagua mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri, lakini hesabu ni ileile: mbalamwezi ikitanda, samaki hawakusanyiki kwenye taa, na mabaharia hubaki nyumbani wakishona nyavu. Ukiwaita siku za giza unawaomba waache riziki ya watoto wao, na hawatakuja. Ukiwaita siku za mbalamwezi utawakuta wamekaa bandani, nyavu zikiwa magotini.

Juu ya msimu, Juni haifai. Huo ni mwezi wa kusi kali, upepo utokao kusini, na mtu mwenye akili hashindanishi ngalawa kwenye mawimbi ya kusi mbele ya umati. Wazee walikuwa wakisema kwamba kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwetu zile nyota huzama magharibi wakati wa masika na kuonekana tena alfajiri ya Juni anga likiwa kavu, lakini anga kavu halina maana kwamba bahari imetulia. Mimi ningengoja kusi lilegee, mwisho wa Septemba au Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika. Wakati huo unapata umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kukupeleka nje, na mchana upepo wa bahari wa kukurudisha, wenye nguvu ya kutosha kujaza tanga. Usisahau pia kuangalia Ramadhani na Maulidi, kwa kuwa tarehe zake huhama kila mwaka.

Rudi kwa mzee yule, ukakae naye bila karatasi.

Mwalimu wa Fasihi, Temeke amejibu:

Namshukuru Nahodha kwa maelezo ambayo ningependa yapachikwe kwenye ukuta wa kila shule ya pwani. Mimi nitazungumzia swali la pili, kwa kuwa nimefundisha fasihi simulizi kwa muda mrefu na nimewahi kufanya kosa ambalo ndugu katibu yuko karibu kulifanya.

Miaka kadhaa iliyopita niliwaalika wavuvi wawili wazee shuleni kwetu wasimulie hadithi mbele ya wanafunzi. Tuliwapa viti vya mbele, kipaza sauti na dakika kumi kila mmoja. Wa kwanza alisalimia, akashukuru uongozi wa shule, akawaasa vijana wasome kwa bidii, akaketi. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Niliumia sana, nikadhani hawana hadithi. Baada ya chakula niliwakuta nyuma ya bweni wakimwonyesha mlinzi jinsi ya kufunga fundo, na yule wa pili alikuwa katikati ya kisa cha usiku waliokatikiwa na foromali, mti unaobeba tanga, kwenye dhoruba, kisa ambacho kiliendelea kwa karibu saa nzima bila mtu kukohoa. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi na ulimi wake ukafuata.

Tangu hapo nimeamini kwamba masimulizi ya wavuvi yana makao yake, na makao hayo ni kazi. Msiwape jukwaa. Wapeni nyavu zilizochanika, sindano, uzi, chelezo za kuelea na chubwi za kuzamisha wavu, kivuli na majamvi, na wakalisheni vijana wanane au kumi kuzunguka kila mzee, wakiwa na wavu wao wa kushona. Swali dogo tu, kwa mfano kwa nini macho ya wavu huu ni mapana kuliko ya ule, litafungua mlango. Huyu ataeleza jarife, wavu wa papa, yule ataeleza dagaa, na katikati ya maelezo kisa kitajitokeza chenyewe.

Inafaa pia mtofautishe aina za masimulizi, kwa sababu kila moja ina wakati wake. Hadithi za kubuni, zile zinazoanza kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", ni za usiku, pwani yetu wazee wengi hawapendi kuzitoa mchana, na ukiwalazimisha watazifupisha. Hizo ziwekeni kwenye mbalamwezi ya Nahodha. Visa vya kweli vya bahari, vya kupotea, kuokolewa na kupata samaki wakubwa, ni vya bandani na vinafaa alasiri. Nyimbo za kazi, zikiwemo zile za mabaharia ziitwazo kimai na zile za kuvuta wavu wa juya au kushusha chombo kipya majini, hazina maana bila kamba mkononi, kwa hiyo pangeni chombo cha kweli cha kushusha, na umati wenyewe ukivute. Methali nazo zinaelezeka vizuri zaidi mahali zilipozaliwa. Nimefundisha "hasira za mkizi, furaha ya mvuvi" darasani mara nyingi, lakini mwanafunzi anayeonyeshwa jinsi mkizi anavyoruka kwa ghadhabu na kujitia mwenyewe chomboni hahitaji tafsiri yangu.

Ipo aina nyingine inayosahaulika, nayo ni masimulizi ya mahali. Mvuvi wa zamani aliupata mwamba wake kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, labda mnazi mrefu na mnara wa msikiti, na mahali mistari hiyo ilipokutana ndipo alipotia nanga. Mzee mmoja wa Msasani aliniambia kwamba minazi yake yote miwili imekatwa, na sasa anautafuta mwamba uleule kwa pembe ya ghorofa. Maarifa ya namna hiyo ni historia ya jiji hili, kwani kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Chukueni chati ya pwani, itandikeni mezani, wazee wataje majina ya mafungu, miamba na mikondo, na kijana mmoja aandike jina la mahali na sababu ya jina hilo.

Kuhusu kurekodi, ombeni ridhaa ya kila msimulizi kabla, na nakala ibaki kwa familia yake na kwa mtaa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Tanzania imeuridhia, unaitambua jamii yenyewe kuwa mwenye urithi, na jambo hilo si la kwenye makaratasi tu. Walimu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza kuwasaidia katika kuandika msamiati, endapo mtawaandikia mapema.

Bi Mkubwa wa Kunduchi amejibu:

Assalaam alaykum. Wanangu, nimesoma kwa makini yote yaliyoandikwa, na nimeona neno "wazee" limetumika mara nyingi sana huku bibi hajatajwa hata mara moja. Silalamiki kwa chuki. Nasema kwa sababu ninaipenda kazi hii na ninaijua.

Hadithi za usiku ambazo Mwalimu anazisema nani aliyewasimulia nyinyi nyote? Baba alikuwa baharini. Ni bibi, kwenye mkeka, huku akikuna nazi au akisuka ukili, na mtoto aliyesinzia kabla ya mwisho alilazimika kungoja hadi usiku wa pili. Na uvuvi hauishii kwa mwenye chombo. Wanawake wa pwani hii wamekuwa wakitanda uduvi na dagaa kwa vitambaa kwenye maji ya magotini, wawili wawili au wanne wanne, wakiimba ili hatua zao zilingane. Bamvua likipwa, wengine wetu huenda miambani na vijiti vya chuma kutafuta pweza, na mwanamke mzoefu hulitambua shimo lake kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni. Samaki akifika nchi kavu, sisi ndio tunaomkaanga, tunaompasua na kumwanika awe ng'onda, na tunaombeba kichwani mpaka mitaa ambayo haijawahi kuona tanga. Mtu anayetaka kujua bei ya samaki ilivyobadilika, au lini changu na tasi walianza kuadimika, na awaulize wachuuzi wanawake, maana wamehesabu kwa shilingi zao wenyewe.

Nilialikwa tamasha moja la pwani, jina lake nitalistahi. Sisi wanawake tuliamka saa tisa usiku kupika. Tulipika pilau, tukakaanga samaki, tukachemsha supu ya pweza kwa watu mia kadhaa, na ilipofika zamu ya "mama zetu kutoa neno" jua lilikuwa limezama, wageni wameondoka, na mwenzangu aliyekuwa na hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia alikuwa amelala usingizi juu ya gunia la mkaa. Amekwisha kufariki. Hadithi ile ya binti aliyeolewa ndani ya fungu la mchanga siijui mwisho wake, na watoto wake hawaijui.

Kwa hiyo, mwanangu katibu, chakula kilipiwe na kipikwe na watu ambao siku hiyo hawana jambo jingine la kutoa, na wanaume wachukue sehemu yao jikoni. Wasimulizi wanawake wawekwe kwenye majamvi yao mapema, wakiwa na nguvu. Matembezi ya miambani asubuhi yaongozwe na wanawake wanaokwenda miambani kila bamvua, nao walipwe. Kama mtapata nafasi, waleteni watoto Kunduchi siku nyingine, wayaone magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo zilizokuwa zimepachikwa sahani za Kichina, wajue kwamba watu walioishi kwa bahari hii walikuwa na mawasiliano ya mbali sana tangu karne nyingi.

Mwana wa Mjimwema ameandika:

Bi Mkubwa, shikamoo, na naomba radhi. Kamati yetu ina watu tisa na mwanamke ni mmoja tu. Nitalipeleka hili kikaoni kama jambo la kwanza kabla ya tarehe.

Mwalimu na Nahodha, nimewaelewa. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kampuni moja imejitolea kugharimia tamasha kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kwenye matanga ya ngalawa zote zitakazoshindana, na baadhi ya wajumbe wanaona ni bahati kubwa. Aidha, mjumbe mmoja anapendekeza tusiguse habari za uvuvi wa baruti na nyavu haramu ili tusiwaudhi baadhi ya wakazi. Mnasemaje? Na je, taratibu za vibali zikoje?

Mdau wa Feri amejibu:

Nitajibu la vibali kwa ufupi, kwa kuwa nimeshiriki kuandaa shughuli za ufukweni. Anzeni na serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, kisha afisa utamaduni na afisa uvuvi wa manispaa, ambao watawaelekeza kuhusu kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) pale penye burudani ya hadhara na taarifa kwa polisi. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe wenu, yaani BMU, kishirikishwe tangu kikao cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachojua chombo gani ni kizima na kipi kinavuja. Kwa mashindano, kila baharia avae jaketi la kujiokolea, boti mbili za injini ziwe tayari pembeni, na asubuhi ya siku hiyo msome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Endapo kuna tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, mashindano yaahirishwe bila mjadala, hata kama mgeni rasmi amekwisha kufika.

Kuhusu baruti, mimi nafanya kazi sokoni Magogoni na ninasema wazi kwamba tamasha la uvuvi lisilotaja baruti halitakuwa la kweli. Samaki aliyeuawa kwa baruti tunamtambua mezani: nyama imelegea, mifupa ya ndani imevunjika, damu imevilia. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa, wadogo na mayai, na huvunja matumbawe ambayo hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na mengine hata chini ya hapo. Kuna wavuvi waliopoteza mikono, na wapo wanaokubali kusimulia. Wapewe nafasi kwenye majamvi kama wasimulizi wengine, wakiwa miongoni mwa watu wao, bila kuwekwa mbele kama mfano wa aibu. Watoto waambiwe pia kwa nini maeneo ya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na wavuvi waliozoea maeneo hayo waeleze kwa upande wao walivyoupokea uamuzi huo.

Nahodha Mstaafu ameandika tena:

Namuunga mkono Mdau kwa kila neno. Ninaloongeza ni kuhusu matanga.

Tanga la ngalawa si kitambaa cha kubandikia tangazo. Mtu akiwa ufukweni hutambua chombo kinachorudi kwa tanga lake kabla hajaona sura za watu: kiraka kile ni cha fulani, rangi ile ni ya chombo cha fulani, na mke anayengoja huanza kushukuru Mungu chombo kikiwa bado mbali. Mkivisha vyombo vyote tanga la aina moja mtakuwa mmefuta majina yao siku ileile mliyosema mnawaenzi. Kampuni hiyo, kama ina nia njema, jina lake liandikwe kwenye bango la mlangoni, na fedha zake zinunue uzi, mbao na majaketi ya kujiokolea yatakayobaki kwa wavuvi.

Zawadi nazo zigawanywe kwa desturi ya chombo. Sisi hatumpi nahodha kila kitu: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha na mabaharia wana mafungu yao, na kitoweo cha nyumbani hutengwa kabla ya mnada. Mkitoa zawadi moja kwa mtu mmoja mtaleta ugomvi bandani ambao utadumu kuliko tamasha lenyewe.

Bi Mkubwa, hadithi ile ya binti na fungu la mchanga, marehemu mama yangu aliisimulia kwa namna yake. Sijui kama ndiyo ileile. Katika ile niliyoisikia, binti hurudi kila bamvua linapopwa kuja kumtazama mama yake, na maji yakianza kurudi hulazimika kuondoka. Mwisho ninaukumbuka, lakini siwezi kuuandika hapa mchana huu.

Bi Mkubwa wa Kunduchi ameandika tena:

Nahodha, ndiyo hiyo. Mwanzo wake ninao wote, mpaka pale mama anapochimba kisima ufukweni. Katibu akishatangaza siku, nitavuka na kivuko nije, nawe uwepo.

Mwana wa Mjimwema ameandika:

Nimerudi bandani jana alasiri, bila karatasi, nikakaa na mzee mpaka maghribi. Sikumuuliza habari za tarehe. Alinipa upande wa wavu nishike, akawa anashona, na baada ya muda mrefu akaanza kuhesabu mwezi kwa vidole vyake kuanzia ule ulioandama mwisho. Siku aliyoifikia ni Jumamosi ya mwezi Oktoba, siku moja baada ya mwezi mpevu. Nimeilinganisha na jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, na maji siku hiyo yatakuwa yamejaa kabisa saa kumi na moja kasorobo alasiri.

Kikao cha kamati kitafanyika Jumapili ijayo chini ya mkungu, karibu na banda, na tumewaalika wanawake sita wa kuingia kwenye kamati, wawili kati yao wakiwa wale wanaokwenda miambani. Bi Mkubwa na Nahodha, majamvi yenu yatawekwa pamoja, upande wa mashariki, mahali mwezi unapochomoza.